Mkasi na Sheria za Kibaraza

"Ile picha niliileta kama dalili ya ugonjwa, wewe ukaenda kumtangaza mgonjwa," alisema Mkasi, na hakukaa chini ingawa alikuwa ameombwa mara mbili akae.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha maktaba, ambako chama chao kilikutana mara moja kwa mwezi. Walikuwa watu kumi na mmoja kuzunguka meza mbili zilizounganishwa, moja fupi kuliko nyingine, na waya za kompyuta zimetapakaa sakafuni kiasi kwamba kila aliyekwenda msalani alirudi akichechemea. Mkasi alisimama upande wa mlango. Upande wa dirisha alikaa Mhandisi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata, akitazama kompyuta yake kana kwamba anayesemwa ni binamu yake wa mbali.

Mkasi ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, na hawakuwa wanasifia ukataji wake wa vitambaa peke yake. Shule aliishia darasa la saba. Ushonaji alifundishwa na shangazi yake, mwanamke aliyekuwa akipiga vidole kwa rula kila mshono ulipopinda. Akaolewa, akaachika, akabaki na cherehani mbili na mdogo wake wa kike wa kumsaidia vifungo na mapindo. Kompyuta ilimkuta akiwa na miaka arobaini. Mdogo wake ndiye aliyemwonyesha ile programu huria inayochora vipande vya kukatia nguo: unaingiza vipimo vya mteja, inakutolea kipande cha mgongo, cha kifua, cha mkono, unachapisha kwenye karatasi na kukata. Ilikuwa ya bure, lakini ilikuwa kwa lugha ya kigeni. Mkasi akakaa nayo miezi saba, akaitafsiri neno kwa neno. Leo fundi yeyote akifungua programu ile na kuona "kwapa", "mlalo wa bega" na "nafasi ya kupumulia", ajue maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwanamke wa darasa la saba huku ana pini mdomoni.

Chama kilikuwa na ukurasa wao kwenye mtandao, walioupa jina la Kibaraza. Kila mwanachama ana blogu yake, anaandika anachotaka, na Kibaraza huzivuta blogu zote na kuzipanga pamoja, jipya juu, la zamani chini. Ukiandika kwako saa tatu, saa tatu na nusu umeshatokea Kibarazani. Mafundi wengi wa mjini walikuwa wakipita hapo kila asubuhi kabla ya kufungua vibanda vyao, na wateja wao pia walikuwa wamejifunza kuchungulia.

Sasa dhambi ya Mhandisi ilikuwa hii. Toleo jipya la programu lilipotoka, Mkasi alikata gauni la mteja na bega la kushoto likatoka refu kuliko la kulia kwa nusu inchi. Alipima upya, akachora upya, likatoka vilevile. Kosa lilikuwa kwenye programu, tena kwenye sehemu aliyoiandika Mhandisi kwa mkono wake. Mkasi akafanya kama utaratibu unavyotaka: akaandika taarifa ya hitilafu, akaambatanisha picha ya gauni likiwa limetundikwa kwenye sanamu, bega limeteguka, lebo ya duka lake inaonekana shingoni. Mhandisi akarekebisha kimyakimya, hata asante hakusema. Mwezi mmoja baadaye akaandika kwenye blogu yake habari ndefu kuhusu mafundi wa mitaani wasiojua kupima, na juu kabisa, picha ya nani? Ya gauni lile lile. Na lebo yake.

Lililomuuma Mkasi zaidi ya tusi ni metroni wa hospitali. Walikuwa wameshakubaliana sare za wauguzi arobaini, kazi ambayo Mkasi alikuwa akiinyemelea miaka mitatu. Metroni akaona ile picha Kibarazani, akapiga simu kwa sauti ya upole ya mtu anayefunga mlango taratibu, akasema wasubiri kwanza.

Mhandisi alipoulizwa mbele ya wenzake, alijibu kwamba Kibaraza hakina sheria yoyote, na kila mtu anaandika nyumbani kwake. "Ukuta ni wangu, mama. Natundika ninachotaka."

"Ukuta ni wako, bwana, lakini dirisha linafungukia uani kwetu," alisema Mkasi. "Ukivua nguo humo ndani, sisi ndio tunaoona."

Watu walicheka, isipokuwa Mkutubi, mama wa maktaba aliyekuwa mratibu wa chama na aliyependa vikao viishe kabla ya chakula cha mchana. Yeye aliona njia ya mkato. Akasema kama Kibaraza hakina sheria basi kiandikiwe, na kwa kuwa anayelalamika ni Mkasi, Mkasi ndiye alete rasimu baada ya wiki mbili. Pengine alidhani kazi hiyo itamnyamazisha. Mkasi alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na aliyekuwa karibu naye anasema alimsikia akishusha pumzi kama mtu aliyepewa ufunguo wa ghala la adui.

Hakwenda kununua daftari jipya. Alifungua lile la vipimo vya wateja, akatafuta ukurasa mweupe, akaandika juu "Mhandisi", na chini yake, mahali anapoandika kifua, kiuno na nyonga, akaanza kumpima.

Mhandisi huandika marefu mpaka mtu anapata kiu njiani. Sheria ya kwanza: maandishi yakizidi ukurasa mmoja, Kibaraza kinaonyesha mwanzo tu, mwenye hamu akasome kilichobaki kwa mwenyewe. Mhandisi hutangaza mafunzo yake kila wiki. Sheria ya pili: tangazo la biashara ni mara moja kwa mwezi, na liitwe tangazo. Mhandisi huandika pia habari za mbio zake za asubuhi, kilomita ngapi na viatu gani, na hapo Mkasi alikaa na kalamu muda mrefu. Angeweza kuzifuta. Lakini nusu ya chama waliandika habari za watoto wao na migongo yao inayouma, na yeye mwenyewe aliwahi kueleza talaka yake kwa siku tatu mfululizo. Akaacha. Kibarazani mtu anakuja na maisha yake, si na programu peke yake. Hilo akaliandika kuwa sheria ya tatu, kwa shingo upande.

Ya nne ndiyo aliyoikata kwa mkasi mkali. Hakuna kuweka picha ya kazi ya mtu mwingine kwa kumcheka au kumkosoa bila kumwomba ruhusa. Atakayevunja, blogu yake nzima inatolewa Kibarazani miezi mitatu. Na kwa kuwa Mhandisi alikuwa ameshatenda kosa kabla sheria haijazaliwa, akaongeza ya tano: sheria inahesabu makosa yote tangu siku Kibaraza kilipofunguliwa.

Mdogo wake, aliyekuwa akishona vishikizo kwenye koti la mtoto, alisomewa zote tano. Ya mwisho ilimfanya asimamishe sindano. Akamuuliza dada yake kama anakumbuka yote aliyoandika miaka mitatu iliyopita.

"Mimi naandika habari za zipu," alisema Mkasi. "Zipu imemkosea nani?"

Rasimu iliwekwa wazi siku saba watu watoe maoni. Yalikuja ya kila aina. Mmoja alitaka picha za chakula zipigwe marufuku kwa sababu zinamtia njaa kazini. Mwingine alishauri kwamba miezi mitatu ni mingi, na kwamba anayekosea apewe kwanza nafasi ya kujirekebisha. Mkasi akamjibu kwamba bega likishakatwa fupi halirefuki kwa kupewa nafasi. Watu wakasema, hapo amesema. Siku ya kura waliokubali walikuwa tisa, waliokataa wawili, na katika wale tisa, mkono wa Mhandisi ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Mkasi aliuona mkono ule, na mikunjo yake ya pasi. Kisha akajiambia kwamba mtu akizidiwa hucheka.

Jumatatu blogu ya Mhandisi ikatolewa. Mkasi alifungua Kibaraza asubuhi hiyo kikombe mkononi, akashuka na ukurasa taratibu, akatafuta jina lile, hakuliona, akarudi juu akashuka tena. Hajawahi kuona utupu mzuri kama ule. Siku hiyo alikata mapazia ya ofisi ya bima huku akiimba, na kila kipande kilipoanguka alikuwa akimwona mtu. Mteja mmoja alimuuliza kama ana sherehe. Akajibu kwamba ana msiba, ila si wa kwake.

Jumatano metroni akapiga simu. Mkasi akaipokea kabla haijalia mara ya pili, akaanza kumweleza kwamba yule bwana ametimuliwa, kwa sheria, tena kwa kura. Metroni akamwacha amalize.

"Nimesikia, fundi. Lakini kufukuzwa siyo kukiri. Watu hufukuzwa hata kwa ugomvi. Mimi nina mkubwa wangu hapa, na yeye aliiona picha kwa macho yake. Nataka nimwonyeshe mahali palepale, huyo bwana akisema mwenyewe kwamba kosa si lako. Niisome wapi?"

Pa kuisoma hapakuwapo. Mkasi ndiye aliyekuwa amempiga kufuli yule mtu mdomoni, na neno alilolihitaji lilikuwa humo humo ndani ya mdomo. Miezi mitatu! Wauguzi wangekuwa wameshavaa sare za fundi mwingine na kuzichakaza.

Alikuwa bado ameshika simu alipopigiwa na Mkutubi. Mkutubi alieleza kwa haraka, kama mtu anayesoma orodha ya vitabu vilivyopotea, kwamba Mhandisi ameleta malalamiko chini ya sheria ya nne na ya tano. Ni juu ya habari ya miaka miwili nyuma kwenye blogu ya Mkasi, yenye kichwa "Suruali au gunia?" Alisema yupo katikati ya watoto wa shule, hajaifungua bado, ataitazama jioni.

Mkasi aliikumbuka palepale. Milango miwili kutoka dukani kwake anafanya kazi Fundi Suruali, mtu mpole, mrefu, asiyeshona kitu kingine chochote. Siku moja Mkasi alikuwa akipita, akaona suruali imetundikwa mlangoni, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine kwa inchi nzima. Akapiga picha, akaandika mistari ishirini ya kuvunja mbavu. Watu walicheka wiki nzima. Yeye alicheka zaidi.

Sasa hapo ndipo alipojipalia makaa mwenyewe. Akawaza: jioni ni mbali, naingia sasa hivi natoa picha, Mkutubi akifika anakuta maneno matupu, na sheria inasema picha. Akaingia kwenye blogu yake, akaifungua ile habari ya zamani, akafuta picha iliyokuwa juu, akalainisha kichwa cha habari, akabonyeza kuhifadhi. Kwa haraka ile hakutazama tarehe. Blogu yake, ukibadilisha kitu usipoirudisha tarehe ya zamani kwa mkono, inaandika ya leo. Na Kibaraza hakina akili ya kuuliza. Kikiona tarehe ya leo kinajua ni habari mpya, kinaipandisha juu kabisa. Jambo hilo kila mwanachama analijua. Mkasi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wapya walioingia mwaka jana.

Nusu saa baadaye mdogo wake alitoka nyuma na simu mkononi, uso umemsawijika.

"Dada, mbona umemrudisha yule wa suruali?"

Ilikuwa juu, ya kwanza, mahali palepale alipokuwa akiutazama utupu wake mtamu siku mbili zilizopita. Na picha ilikuwa na mwenzake. Mkasi alikuwa amesahau kwamba aliweka mbili. Ile ya upande wa makalio, yenye kibao cha Fundi Suruali nyuma yake, ilikuwa imebaki chini ya habari, safi kabisa. Ugomvi wa sheria ulikuwa umevuta watu Kibarazani kuliko siku zote. Kufikia saa nane walioisoma walikuwa wengi kuliko miaka miwili yote iliyopita, na Mhandisi hakuandika neno hata moja. Hakuwa na haja.

Mkutubi hakungoja jioni. Blogu ya Mkasi ikatolewa saa tisa na dakika kumi, miezi mitatu, kwa sheria ya Mkasi.

Alikaa juu ya kiti cha cherehani bila kushona. Mdogo wake, ambaye angeweza kusema mengi na alikuwa na haki nayo, alimletea maji akarudi kwenye vishikizo vyake. Mwishowe Mkasi akasimama, akavua tepu shingoni, akatembea milango miwili.

Fundi Suruali alikuwa akipiga pasi. Hakuizima. Mkasi akasema alichokuja kusema, kwamba ile picha aliiweka zamani, kwamba leo imejitokeza tena kwa bahati mbaya, kwamba amekuja kuomba radhi.

"Niliiona zamani," alisema Fundi Suruali. "Wiki ile ile."

"Na hukuniambia kitu, kaka? Miaka miwili tunapungiana mikono."

"Ningekuambia, ungeliandika na hilo." Aligeuza suruali upande wa pili, akanyunyiza maji. "Mwenye suruali ile alivunjika paja utotoni. Mguu mmoja mfupi. Akivaa za dukani, upande mmoja unafagia barabara. Nilimpima mara tatu nimkatie ikae sawa akisimama. Wewe uliiona kwenye hanga."

Mkasi anasema katika maisha yake yote rula ya shangazi haijawahi kumpiga hivyo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na tano na hakufikiria kwamba nguo ina mtu. Alisimama pale, fundi mbele ya fundi, na mvuke wa pasi ukimpiga usoni. Akamwambia ataandika. Fundi Suruali akasema kama ataandika, basi yeye aisome kwanza kabla haijaenda kwa watu.

Akaandika palepale, kwenye simu, amesimama. Fundi Suruali akasoma polepole, akarudisha simu, kidole kikiwa juu ya neno moja.

"Hapa umeandika bahati mbaya. Bahati haina mikono. Andika dharau."

Mkasi alilitazama neno lile. Akalifuta, akaandika dharau. Fundi Suruali akasoma tena, akaitikia kwa kichwa, akasema basi, limekwisha, na amsogezee ile suruali ya kijivu iliyo nyuma yake.

Lakini pa kuliweka andiko lile hapakuwapo. Naye alikuwa nje ya Kibaraza, kama Mhandisi, na neno lake nalo lilikuwa nyuma ya kufuli. Jumamosi iliyofuata Mkasi aliomba kikao cha dharura, akasimama mbele ya wale wale watu kumi, akasema sheria ya nne ameikata vibaya. Aliikata kwa mtu mmoja, ikambana hata asiyelengwa. Akapendekeza ikatwe upya: aliyemchafua mwenzake kwa picha aandike marekebisho Kibarazani, juu ya ile ile habari, blogu yake isitolewe isipokuwa akikataa. Watu walikuwa tayari kunyoosha mikono, na Mkutubi alikuwa ameshaangalia saa, Mkasi alipoongeza kipande kimoja zaidi. Marekebisho yasomwe kwanza na aliyeumizwa, na yasipandishwe mpaka yeye aseme yamemkaa.

Mhandisi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Alielewa.

Pendekezo likapita, na blogu zote mbili zikarudishwa. Neno la Mkasi kwa Fundi Suruali lilipanda siku hiyo hiyo, dharau na yote, na mtu yeyote anaweza kulisoma mpaka leo. Likabaki la Mhandisi.

La kwanza alilileta Jumapili. Lilikuwa na kurasa mbili na lilizungumzia kutoelewana kulikojitokeza. Mkasi alilirudisha na maneno matatu: refu, legelege, rudia. La pili lilisema kwamba huenda baadhi ya watu walijisikia vibaya. Akauliza baadhi ni akina nani, wana majina? La tatu lilikiri hitilafu ya programu lakini halikusema hitilafu hiyo ni ya nani, kana kwamba ilidondoka kutoka angani na mvua. Mkasi alilisoma akiwa anakula, akalirudisha akiwa bado anatafuna. Alimvisha na kumvua yule bwana siku nne, kama mteja mwenye tumbo anayedai vipimo vya ujana wake, na kila alipombana pini moja kwapani alihisi utamu ambao utupu wa Kibarazani haukumpa hata nusu yake. Mdogo wake alimwambia anamtesa mwenzake. Akajibu kwamba anamsaidia ajue kupima.

Alhamisi mchana Mhandisi hakutuma barua. Alikuja mwenyewe dukani. Alisimama mlangoni, shati halijapigwa pasi, akampa simu yake bila salamu. Kulikuwa na mistari miwili. Ilisema bega la gauni lile liliharibiwa na kosa lake yeye kwenye programu, na fundi aliyeligundua ni yule yule ambaye yeye alimcheka. Ilisema alijua hivyo siku alipoweka picha.

Mkasi alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye ile sentensi ya mwisho, ambayo hakuwa ameidai. Hata yeye hakuwa na ushahidi wake. Alitafuta pa kubana pini, hakupaona.

"Imekaa," alisema, akamrudishia simu.

Mhandisi akabonyeza. Hakukuwa na kiti cha wageni, kwa hiyo walisubiri ile nusu saa mmoja amekaa kwenye cherehani na mwingine ameegemea mlango, mpaka mistari miwili ilipotokea Kibarazani, juu kabisa. Mkasi akaituma kwa metroni. Kisha akamwambia Mhandisi kwamba kifungo cha mkono wake wa kulia kinaning'inia, alete hapa, hawezi kutoka dukani kwa Mkasi akiwa hivyo.